Kelmscott na Doves: tathmini ya vitabu vya Hammersmith kwa mkusanyaji anayesoma

Anayeanza kukusanya vitabu vilivyochapwa kwa mkono katika matbaa ndogo za watu binafsi hachelewi kulisikia jina la Hammersmith, eneo la magharibi mwa London kando ya mto Thames. Huko, katika muda wa robo karne kuanzia 1891, matbaa mbili zilizopakana kiasi cha kuendeana kwa miguu ziliweka kipimo ambacho wachapaji wa namna hii hupimwa nacho mpaka leo. Ya kwanza ni Kelmscott, matbaa ya William Morris. Ya pili ni Doves, iliyoanzishwa na mjalidi wa vitabu T. J. Cobden-Sanderson pamoja na Emery Walker, mtaalamu wa uchapaji. Katika tathmini hii nazitazama kazi zao kwa macho ya mnunuzi na ya msomaji, kwa sababu naamini kwamba kitabu, hata kiwe cha thamani namna gani, kimetengenezwa ili kisomwe, na kwamba mkusanyaji asiyesoma anajinyima sehemu kubwa ya alicholipia. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: Kelmscott inastahili heshima yote inayopewa, lakini Doves ndiyo iliyochapa vitabu bora zaidi.

Matbaa zote mbili zinadaiwa na mtu mmoja, Emery Walker, ambaye hakuwa na makuu na ndiyo maana jina lake husahaulika. Novemba 1888 Walker alitoa mhadhara London, akaonyesha kwa taa ya picha kurasa za wachapaji wa karne ya 15 zikiwa zimekuzwa ukutani. Morris, aliyekuwa tayari bingwa wa karatasi za ukutani, vitambaa na mashairi, alitoka pale akiwa na nia ya kubuni herufi zake mwenyewe. Walker alimpigia picha kurasa za Nicolas Jenson, mchapaji wa Venice wa miaka ya 1470, akazikuza. Morris akachora juu yake mara kwa mara mpaka mkono ukazoea umbo. Kisha Edward Prince, fundi wa kuchonga, akazichonga herufi hizo moja moja kwenye ncha za vyuma, ambavyo viligongwa kwenye shaba kupata kalibu za kusubia herufi za risasi. Ndivyo ilivyopatikana herufi iliyoitwa Golden. Baadaye zilifuata Troy na Chaucer, herufi mbili za mtindo mzito wa zama za kati, ambazo kwa maumbo ni ndugu na kwa ukubwa zinatofautiana.

Morris hakukubali njia ya mkato katika kitu chochote kinachogusa ukurasa. Karatasi ilitengenezwa kwa mkono na Joseph Batchelor wa Little Chart, Kent, kwa nyuzi za kitani. Wino mzito ulitoka kwa kampuni ya Jaenecke ya Hannover, Ujerumani. Mashine zilikuwa za mkono, za aina ya Albion, ambazo mtu huvuta mpini kwa kila karatasi moja. Hadi matbaa ilipofungwa mwaka 1898 ilikuwa imetoa vitabu 53. Anayekishika kimojawapo leo, baada ya zaidi ya miaka 120, huona karatasi iliyobaki imara na yenye mlio mkavu inapofunuliwa, na weusi wa wino ambao haujapauka hata chembe. Kwa ubora wa malighafi sijaona matbaa iliyoishinda Kelmscott, na hapo simpunguzii Morris lolote.

Tatizo langu linaanza ninapofika kwenye kitabu kinachoitwa kilele chake, yaani kazi za Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, kilichokamilika mwaka 1896, miezi michache kabla ya Morris kufariki Oktoba 3 mwaka huohuo. Kilichapwa nakala 425 za karatasi, zilizouzwa kwa pauni 20, na nakala 13 juu ya ngozi ya ndama, zilizouzwa kwa gini 120 (gini ilikuwa pauni moja na shilingi moja). Kina picha 87 za mchoraji Edward Burne-Jones zilizochongwa kwenye mbao, na Morris mwenyewe alichora fremu, mapambo na herufi kubwa za mwanzo. Nakala 48 zilijalidiwa kwa ngozi nyeupe ya nguruwe yenye vifungo vya fedha, na kazi hiyo ilifanywa na karakana ya kujalidi ya Doves, ile ile ya Cobden-Sanderson, kabla hata matbaa ya Doves haijazaliwa.

Ni kitabu kikubwa, cha kuwekwa juu ya meza na kufunguliwa kwa mikono miwili. Ukurasa wa kwanza wa mashairi unapofunguka, jicho hupokewa na mizabibu, majani, vikonyo na matunda vilivyosukana kutoka ukingo hadi ukingo, vyeusi juu ya weupe na vyeupe juu ya weusi. Katikati ya msitu huo kuna picha ya mshairi aliyesimama bustanini. Chini yake maneno yamebanwa kwa herufi za mtindo wa zamani. Ni kazi ya kustaajabisha, na anayesema hajatetemeka alipoiona mara ya kwanza simwelewi. Lakini msomaji akikaa nacho, akajaribu kuufuata mstari baada ya mstari, ataona jicho linavutwa pembeni na pambo, linarudi kwenye shairi, linavutwa tena. Herufi ya Chaucer ni nzito na maneno yamekaribiana sana kwa makusudi, kwa sababu Morris alichukia mapengo meupe kati ya neno na neno. Kwa ukurasa mmoja ni fahari; kwa kurasa 20 ni kazi ngumu. Morris mwenyewe aliandika kwamba alitaka vitabu vinavyosomeka kwa urahisi na visivyolitaabisha jicho, na kwa kipimo hicho chake mwenyewe naona Chaucer hakifiki.

Lipo jambo jingine linaloniuma kuhusu bei. Morris alikuwa mjamaa wa kweli, aliyehutubia wafanyakazi barabarani na kuamini kwamba uzuri ni haki ya kila mtu, na bado pauni 20 za wakati ule zilizidi mshahara wa miezi miwili wa mpanga herufi wa London. Simtuhumu kwa unafiki, kwa sababu karatasi ya kitani na saa za mafundi waliolipwa vizuri hazikuwa na bei ya chini. Nasema tu kwamba mkutano huu wa ufundi wa haki na bei isiyofikika umeendelea katika fani hii mpaka leo, na kila mkusanyaji mwenye dhamiri analazimika kukaa nao.

Anayetaka Kelmscott na hana mali ya Chaucer asikate tamaa. Vitabu vidogo vilivyopangwa kwa herufi ya Golden, vyenye mapambo machache, vinasomeka vizuri kuliko vile vikubwa, na majalada yake ya karatasi ngumu ya kijivu-samawati yenye mgongo wa kitani hayana makuu. Kile ninachokipendekeza zaidi ni kitabu cha mwisho cha matbaa, cha 1898, ambamo Morris anaeleza malengo yake ya kuianzisha. Kilichapwa nakala 525 za karatasi, idadi kubwa kwa Kelmscott, kwa hiyo hujitokeza sokoni mara nyingi kuliko vingine, na kina faida ya kumpa mnunuzi maelezo ya matbaa yaliyoandikwa na mwenyewe kwa herufi zake mwenyewe.

Doves ilianza mwaka 1900, na kwa makusudi ilitupa karibu kila kitu ambacho Morris alikipenda. Hakuna fremu wala mizabibu. Picha hazimo. Kuna herufi moja tu, ya ukubwa mmoja tu, ambayo ilitumika kwa kila kitabu kilichochapwa na matbaa hiyo kutoka cha kwanza hadi cha mwisho. Nayo ilitokana na Jenson, nayo ilichongwa na Edward Prince yule yule, lakini pale ambapo Morris aliifanya Golden kuwa nene na nyeusi, Walker aliiacha herufi ya Doves iwe nyepesi na yenye kupumua. Kinachosalia baada ya kuondoa mapambo ni mambo ambayo hayana mahali pa kujificha: nafasi kati ya maneno, urefu wa mstari, upana wa pambizo, na usawa wa wino kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Katika hayo manne sijaona aliyeipita Doves.

Biblia yao ya Kiingereza, iliyotolewa kwa mabuku matano kati ya 1903 na 1905 katika nakala 500, ndiyo ushahidi wangu mkuu. Anayepata nafasi ya kuifungua aanzie mwanzo wa kitabu cha Mwanzo. Ubavuni mwa kushoto inashuka herufi moja tu nyekundu, I ya neno la kwanza, iliyochorwa na mwandishi wa hati Edward Johnston, nayo inateremka kutoka juu ya maandishi mpaka chini bila pambo la aina yoyote: wima tupu, yenye unene wa kadiri, na nyekundu iliyokoza. Kulia kwake maneno meusi yamepangika katika umbo la mstatili, na pambizo nyeupe imelizunguka umbo hilo, nyembamba upande wa mshono, pana zaidi nje, na pana kuliko zote chini, mahali pa kushikia kwa kidole gumba bila kufunika neno. Ukurasa huo una vitu vitatu tu, yaani weupe, weusi na msumari mmoja wa wekundu, na unabeba uzito wa kauli ya kuumbwa kwa mbingu na nchi bila kupiga kelele. Kisha, na hapa ndipo Doves inapomwacha Morris nyuma, mtu akigeuza ukurasa na kuendelea kusoma, anasahau kwamba anatazama kazi ya sanaa. Anasoma Biblia.

Kazi hiyo haikufanywa na wenye matbaa peke yao, na ni haki kuwataja waliosimama mbele ya kasha la herufi na mashine. Mpanga herufi mkuu alikuwa J. H. Mason, na mvutaji wa mashine Harry Gage-Cole. Kupanga mabuku matano ya Maandiko kwa mkono, herufi moja moja, huku kila mstari ukihitaji kujazwa kwa vipande vya nafasi mpaka ukae sawa na mwenzake bila kuacha mapengo yanayoshuka ukurasani kama mifereji, ni kazi ya subira ambayo anayeandika kwa kompyuta ni vigumu kuifikiria. Wanaoandika orodha za mauzo hutaja majina ya wenye matbaa na kuwaacha mafundi hawa, na mimi naona huo ni upungufu wa orodha.

Kisa cha mwisho wa Doves kinajulikana sana, na mara nyingi husimuliwa kama kichekesho, jambo nisilolipenda, kwa maana ni habari ya urafiki uliovunjika. Ushirika wa wawili hao ulipokwisha, walikubaliana mwaka 1909 kwamba Cobden-Sanderson aitumie herufi maisha yake yote, na akifa imfikie Walker. Cobden-Sanderson hakuweza kuvumilia fikra kwamba herufi yake ingekuja kutumika kwenye mashine za injini kwa kazi za biashara. Mwaka 1913 alizitupa kalibu mtoni. Kuanzia Agosti 1916 hadi Januari 1917, akiwa mzee wa miaka 75 hadi 76, alibeba herufi zenyewe usiku baada ya usiku, kidogo kidogo, mpaka kwenye daraja la Hammersmith, akazimwaga Thames. Inakadiriwa alikwenda mara 170, na mzigo wote ulizidi tani moja. Alifariki 1922, na mjane wake akamlipa Walker fidia. Mwaka 2014 mbunifu wa herufi Robert Green, aliyekuwa ameitengeneza upya herufi hiyo kwa kompyuta, aliwapata wapiga mbizi wa mamlaka ya bandari ya London, nao wakaopoa vipande 150 kutoka matopeni.

Kwa mkusanyaji kisa hicho kina matokeo ya moja kwa moja. Hakuna tena karatasi itakayochapwa kwa herufi ya Doves kama ilivyokuwa; kilichopo ndicho hicho hicho. Kwa hiyo bei hazishuki, hasa za Biblia. Hata hivyo vitabu vidogo vya Doves, vilivyojalidiwa kwa ngozi nyembamba nyeupe yenye jina la kitabu kwa dhahabu mgongoni na hakuna zaidi, hujitokeza kwenye minada na kwa wauzaji wa vitabu adimu kwa bei ambayo mtu wa kazi ya kawaida anaweza kuidunduliza. Kati ya kununua buku moja dogo la Doves lililo kamili na karatasi moja iliyochanwa kutoka Chaucer ya Kelmscott, nanunua Doves bila kusita. Biashara ya kuchana vitabu na kuuza kurasa moja moja ndani ya fremu siipendi hata kidogo. Wapo wanaoitetea kwa kusema kwamba nakala iliyochanwa ilikuwa tayari pungufu, na pengine mara nyingine ni kweli, lakini kila karatasi inayonunuliwa kwa bei nzuri humpa mwingine sababu ya kuchukua kisu.

Kipimo cha Hammersmith kina manufaa zaidi kinapopelekwa kwa matbaa za leo, ambazo ndizo wengi wetu tunaweza kununua kwao. Kitu cha kwanza cha kukagua ni mgandamizo wa herufi kwenye karatasi. Siku hizi wanunuzi wengi wamezoeshwa kuamini kwamba kadiri herufi inavyozama ndivyo kazi inavyokuwa ya mkono zaidi, na wachapaji wa kadi za harusi wameieneza imani hiyo. Kwenye kitabu ni kinyume. Karatasi ya kitabu inachapwa pande zote mbili, na herufi iliyozamishwa kupita kiasi hutokeza vinundu upande wa pili, vikaingilia maneno yaliyopo huko. Kutoka kwa matbaa moja ya siku hizi niliagiza diwani ndogo iliyosifiwa kwa ufundi, ikafika ikiwa na vinundu hivyo kila ukurasa, kiasi kwamba kusoma kwenye mwanga wa dirishani kulihitaji kuizungusha diwani nzima ili vivuli visikate mistari. Mchapaji mzuri huloanisha karatasi kidogo ili inywe wino kwa mgandamizo mdogo, na matokeo yake kidole kikipita juu ya ukurasa huhisi herufi kwa mbali tu.

Kitu cha pili ni ulinganifu wa mistari. Shika karatasi moja mbele ya mwanga na utazame kama mistari ya upande mmoja inaangukia sawasawa juu ya mistari ya upande wa pili. Ikilingana, ujue mtu alijali. Halafu pitia kurasa upesi ukiangalia wino: usiwe mweusi ukurasa wa 10 na kijivu ukurasa wa 14. Hatimaye nenda mwisho wa kitabu, mahali ambapo matbaa za aina hii hueleza ni herufi gani imetumika, karatasi ya nani, nakala ngapi na nani alijalidi. Siku hizi wachapaji wengi hawapangi risasi. Wanaandaa ukurasa kwenye kompyuta na kutengenezewa bamba la plastiki lenye herufi zilizoinuka. Si udanganyifu, na baadhi ya kazi hizo ni nzuri sana, ila maelezo ya mwisho yanapaswa kulisema wazi, na bei isiwe ile ya risasi iliyopangwa kwa mkono. Mchapaji anayelificha hilo simwamini hata katika mambo mengine.

Miongoni mwa matbaa za nusu karne iliyopita, iliyobeba matamanio ya Kelmscott kwa akili ya Doves ni Arion ya San Francisco, iliyoanzishwa na Andrew Hoyem mwaka 1974, ambayo ina sifa ya nadra ya kusubu herufi zake, kuchapa na kujalidi chini ya paa moja. Mwaka 1979 ilitoa Moby-Dick, riwaya ya Herman Melville kuhusu uwindaji wa nyangumi, kwa nakala 265, zenye michoro 100 ya Barry Moser iliyochongwa kwenye mbao. Uamuzi wa busara kuliko yote katika kitabu hicho ni kwamba michoro haiwaonyeshi wahusika wakuu wala vituko vyao. Inaonyesha merikebu, zana, kamba, bandari na nyangumi, ili msomaji abaki na uhuru wa kumwona nahodha kwa jicho lake. Maneno yamepangwa kwa herufi ya Goudy Modern, na herufi kubwa za mwanzo zilibuniwa maalumu kwa kitabu hicho na Charles Bigelow na Kris Holmes. Iliuzwa kwa dola 1,000, na leo haikamatiki. Ila mwaka 1981 University of California Press ilitoa toleo la kawaida lililopigwa picha kutoka kurasa hizo hizo na kupunguzwa ukubwa, na hilo linapatikana kwa bei ya kitabu cha kawaida. Mgandamizo hauhisiki, karatasi si ile, lakini mpangilio wa ukurasa umebaki mzima. Kwa mtu anayetaka kujifunza jicho kabla ya kufungua mkoba, sijui ununuzi ulio bora zaidi ya huo.

Pendekezo langu jingine ni Matrix, jarida la wachapaji na wapenda vitabu lililoanza mwaka 1981 kwa nakala 350 katika matbaa ya Whittington, Gloucestershire, iliyoanzishwa na John na Rosalind Randle mwaka 1971. Lilichapwa kwa risasi iliyosubiwa hapo hapo, na ndani yake kuna makala za historia ya herufi, karatasi na wachongaji, pamoja na vipande halisi vya kazi zinazozungumziwa vilivyobandikwa kurasani. Msomaji anayesoma kuhusu karatasi fulani anaigusa karatasi yenyewe katika ukurasa unaofuata. Matoleo ya miaka ya katikati hupatikana moja moja kwa bei ambayo haitishi, na nakala moja humfundisha mkusanyaji mengi kuliko vitabu kadhaa vya picha kuhusu fani hii.

Kwetu pwani fani hii si ngeni kama baadhi ya watu wanavyodhani, ingawa wakusanyaji wa Ulaya hawaitaji. Misahafu iliyoandikwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate, yenye nakshi za wino mweusi na mwekundu, ilipimwa kwa mambo yale yale ambayo Cobden-Sanderson aliyahangaikia: usawa wa mstari, upana wa pambizo, na pambo lisiloingilia neno. Kuhusu uchapaji wenyewe, misheni ya Waanglikana Unguja, kwa kazi ya mmisionari Edward Steere, ilikuwa ikichapa vitabu vidogo katika miaka ya 1860; mkusanyo wake wa maneno ya Kishambala ulichapwa hapo Unguja mwaka 1867, miaka 24 kabla ya kitabu cha kwanza cha Kelmscott. Sultani Barghash naye alileta mtambo wa herufi za Kiarabu uliochapa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi. Mswahili mwenye jicho la kukusanya na fedha za kiasi angefanya kazi ya maana kama angevitafuta vijitabu hivi vya Unguja, ambavyo havina karatasi ya kitani wala ngozi nyeupe, lakini vilipangwa herufi moja moja katika mji wetu wenyewe.

Hali ya hewa ya pwani inaleta suala la hifadhi, ambalo wauzaji wa London hawalifikirii wanapofunga kifurushi. Ngozi nyeupe ya ndama, iwe ya Kelmscott yenye riboni zake za hariri au ya Doves isiyo na kitu, haipendi unyevu. Hupinda, huvuta kitabu kikafunguka chenyewe, na Mombasa au Zanzibar inaweza kufanya hivyo ndani ya msimu mmoja wa mvua. Mkusanyaji anayeishi huko ningemshauri achague nakala yenye jalada la kitani au la karatasi ngumu, na akiwa lazima anunue ya ngozi, aitengenezee sanduku linalobana kiasi na kuiweka chumba chenye hewa inayopita, mbali na ukuta wa nje. Karatasi zenyewe za kitani zinavumilia kuliko karatasi za kawaida za karne ya 20, kwa hiyo hofu kubwa ni ukungu na wadudu wanaokula karatasi, ambao hudhibitiwa kwa kukifungua kitabu mara kwa mara. Kitabu kinachosomwa huhifadhika vizuri kuliko kinachofungiwa.

Kwa ununuzi wenyewe, mwombe muuzaji picha ya ukurasa wa mwisho wa maelezo, ya mshono na ya kurasa zenye madoa ya kahawia, na umuulize waziwazi kama karatasi zote zimo. Neno "nzuri" katika orodha ya muuzaji lisikutoshe. Gharama ya usafirishaji na ushuru iulizwe kabla ya kulipa, kwa sababu buku zito kutoka Uingereza linaweza kuongeza sehemu kubwa ya bei kabla halijakufikia. Na kabla ya hayo yote, anayepita London ajipatie kadi ya msomaji ya British Library, ambayo hutolewa bure, aombe Doves na Kelmscott mezani kwa siku moja, asome kurasa 20 za kila kimoja. Nyumba ya Emery Walker, nambari 7 Hammersmith Terrace, nayo hupokea wageni kwa kuweka nafasi mapema, na hatua chache kutoka hapo, chini ya Kelmscott House, nambari 26 Upper Mall, Chama cha William Morris kina mashine ya Albion inayofanya kazi mpaka leo. Matembezi hayo yote mawili yanamalizika ndani ya alasiri moja, na nisingemruhusu rafiki yangu alipe hata pauni 200 kwa kitabu cha matbaa hizi kabla hajayafanya.